Mlango Uliopinda Machoni mwa Timazi

Mimi ni kinyozi, na benchi lenyewe liko nje ya kibanda changu, kwa hiyo nisiulizwe nilijuaje. Kila alasiri huketi watatu: Dobi, anayenyoosha nguo za watu na kupindisha maneno yao, Redio, dereva mstaafu wa lori, ambaye hazimwi, na mzee Timazi, mwashi wa miaka arobaini, aliyebatizwa jina la ile kamba yenye kipande cha chuma wanayopimia ukuta. Shangazi anauza kahawa pembeni, anawasikia atake asitake. Juzi Timazi aliitazama fremu ya mlango wangu mpya, kazi ya mwanafunzi wake wa zamani, akasema imepinda. Tukabisha sote. Akachukua nyundo, akaing'oa. Leo akatokea na miwani myeusi, katoka kliniki ya macho.

— Wamekuambia nini? akauliza Dobi.

— Uzee.

— Basi? Hilo hata mimi ningekuambia, tena bila foleni.

Redio akadakia:

— Jicho ni taa ya gari. Kioo kikiingia ukungu, barabara inapinda. Unapangusa, unaendelea na safari.

— Wamekipima kioo, kizima, akasema Timazi. Ubovu uko nyuma.

— Nyuma? Kisogoni? Dobi akanigeukia. Kinyozi, umemmaliza mzee wa watu! Miaka yote unamkwangua kisogo kama sufuria.

— Usiniingize, nikasema.

— Nyamazeni niwaelimishe, akasema Redio. Kila ulichowahi kukiona kinarundikwa kule nyuma. Timazi ameona kuta elfu. Stoo imejaa! Mlango wa Kinyozi umekosa pa kukaa, ukajikunja.

— Basi wewe fumba macho ukipita sokoni, akasema Shangazi. Unavyowakodolea wanawake, kesho utatembea kwa kupapasa.

Tulikuwa bado tunacheka alipofika binti mkubwa wa Timazi, yule mwalimu, anahema, karatasi ya kliniki mkononi.

— Shikamooni. Baba, umetoroka.

— Sikutoroka. Nilitoka.

— Kwa dirisha la choo?

Benchi zima likamgeukia mzee.

— Dirisha lenyewe limejengwa vibaya, akasema. Kubwa mno.

— Kasikia anadungwa sindano ya jicho, akaomba kwenda haja, binti akatuambia.

— Sindano ya wapi? Redio akashika macho yake yote mawili. Hata mimi ningepita dirishani!

Binti akavuta pumzi, akatueleza kama tuko darasa la tatu. Nyuma ya jicho kuna utando unaopokea mwanga. Seli zake zinazoona hutoa taka kila siku, na chini yake kuna seli nyingine ambazo kazi yao ni kuzizoa taka hizo na kuwalisha wenzao. Umri ukienda, wazoaji wanachoka. Taka zinabaki, zinafanya vichuguu, utando unainuka, na mstari ulionyooka unaonekana umepinda.

— Si niliwaambia? Redio akaruka. Stoo imejaa!

— Baba mdogo, leo hukukosea sana.

— Wafukuzwe hao wazembe, akasema Dobi, waajiriwe wengine.

— Wakifa hawaoti tena. Na wakifa, zile zinazoona zinawafuata. Halafu jicho la kulia limeota mishipa inayovuja. Sindano haifufui kitu, ni ya kuokoa zilizobaki. Na kila siku tunayochelewa, zinapungua.

Timazi akapiga goti lake.

— Mnanizeesha bure! Naliona benchi, nakiona kibanda, nawaona na hawa wajinga.

Binti akachuchumaa mbele yake.

— Na mimi?

— Wewe nakuona. Umevaa hereni.

— Nimenuna au nacheka?

Mzee akageuza kichwa upande, kama kuku anayechungulia punje. Akageuza upande wa pili. Binti alikuwa hajanuna wala hacheki. Machozi yalikuwa yanamshuka, na sisi sote tuliyaona.

— Baba, akasema polepole, tangu lini hunioni uso?

Timazi akatugeukia kana kwamba mmoja wetu alikuwa na hesabu hiyo. Dobi akainama kutazama viatu vyake. Redio akavua kofia, akaipakata. Shangazi akabaki kashika birika, hamimini.

— Nilidhani ni wewe unayegeuka, mzee akasema mwishowe. Kila nikikutazama, nilidhani unageukia pembeni. Nikasema labda nimekukosea.

Binti akampa mkono, na mzee akapapasa mpaka akaupata.

— Kinyozi, akaniambia akiinuka, yule fundi akija mwambie fremu yake ilikuwa imenyooka. Nyundo ilikuwa yangu, na kosa langu.

— Nitamwambia.

— Twende, mwanangu, kabla hawajafunga. Lakini nishike kwa nguvu. Nikiona dirisha, sijiamini.