Waliochelewa Kucheka

Mgeni rasmi, Bwana Gichuru, Mkurugenzi wa Vipindi wa Runinga ya Kisima. Mwenyekiti wetu Mzee Inderjit. Wanachama na majirani wa Woodley, Jamhuri na Kilimani: hamjambo?

Karibu sana. Kusema kweli, tulipokualika baadhi yetu walidhani utamtuma wakili. Umekuja mwenyewe, na chai yetu umeikubali. Roho zetu zimetulia kidogo.

TULIKOTOKA

Sisi ni Wamecheka Nini, ukurasa wa mtandaoni wa watu wanaochelewa kucheka. Uliasisiwa na Mzee Inderjit, aliyechoka kucheka kwa kuigiza kila wanawe walipocheka mbele ya runinga. Aliyepitwa na mzaha wa filamu au kipindi huuliza, na hujibiwa na mtu ambaye mzaha huo ni wa kwao. Kanuni yetu kuu ni kwamba anayeuliza hachekwi. Kuuliza si ujinga, wahenga walishasema.

TULIYOFANIKISHA

Tunakipenda mno kipindi chenu, Ghorofa ya Kina Mwau. Mama Milcah, huyu aliyeketi hapa mbele, alitoka Butere akaja kuishi na mwanawe Kilimani. Jioni moja, kipindini, Mwau alifungua mkebe wa aiskrimu akakuta maharagwe yaliyogandishwa. Wajukuu walivunjika mbavu. Mama akatuandikia: "Mbona wanacheka na hakuna mtu ameanguka?" Rachael wa Jamhuri akamweleza kwamba hapa Nairobi mkebe huo ukishaliwa aiskrimu huwa wa maharagwe maisha yake yote, na hakuna mtoto ambaye hajawahi kudanganyika. Mama alicheka kesho yake, peke yake, akiosha vyombo.

Kisha zamu ikageuka. Mtoto wa Mwau akala firigisi ya kuku, na meza nzima ikanyamaza. "Aki si ni nyama tu?" akauliza Avni, ambaye kwao nyama hailiwi kabisa. Mama Milcah akatuma ujumbe wa sauti: "Mwanangu, firigisi ni ya mwenye boma. Huyo mtoto amempindua baba yake!" Vijana waliusikiliza ujumbe huo mpaka wakaukariri. Tangu siku hiyo wajukuu wakawa wanamkalisha katikati ya kochi.

TULIPOKWAMA

Mgeni rasmi, tulikosea, na hatutamtafuta wa kumsingizia. Mwenzetu Obuya hutazama kwa king'amuzi, na wengi wetu kwa simu, ambako picha huchelewa. Obuya akicheka, anaandika maelezo palepale, nasi tunasoma maelezo ya mzaha ambao haujatufikia. Watazamaji wenu waliona utamu umeharibiwa. Mlilalamika kwa wenye mtandao, ukurasa ukafungwa. "Mi nilidhani wote mmeshaona," Obuya alisema, na mpaka leo hana raha. Sasa tumekubaliana: maelezo yatangoja matangazo ya biashara, hata kama Obuya atalazimika kukalia mikono yake.

Lakini ukurasa umefungwa bado. Kipindi kikianza, Mama Milcah husema amechoka, huingia chumbani. Hajachoka. Tulipomuuliza alisema, "Nikiuliza, wajukuu wananiambia, 'Kukhu, tulia kwanza.' Basi nikaamua kutulia." Hao watoto hawana ubaya, nani anataka kusimamisha kicheko ili aeleze? Hata hivyo inatuuma. Mama amerudi kuwa mgeni katika nyumba ya mwanawe.

MAOMBI

Tunaomba mwondoe malalamiko yenu ili ukurasa ufunguliwe. Tunaomba pia mwandishi wenu mmoja ajiunge nasi, kwa sababu ipo mizaha iliyotushinda sote, na tunashuku hata ninyi iliwashinda.

Tukimaliza risala hii tutatazama pamoja kipindi cha wiki jana. Mama Milcah hajakiona. Akiuliza wamecheka nini, leo sisi tutanyamaza, hata Obuya. Tunaomba jibu litoke kwako. Kiti kilicho kando yake ni chako, mgeni rasmi. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukikalia tangu asubuhi.

Mwenyezi Mungu, kwa majina yote tunayomwitia katika ukumbi huu, akupe afya, na akujalie nyumba ambamo hakuna anayeachwa nyuma watu wakicheka.

Ni sisi,
Wamecheka Nini, Nairobi.
Imesomwa na Navneet, katibu.