Mlango wa Jiko la Mama Idda

Tarehe 30 Juni Mama Idda Sanga anastaafu, baada ya miaka ishirini na sita ya kuoka katika hosteli yetu hapa Njombe. Uongozi umeniomba mimi, mtunza stoo, niandike wasifu wake. Nimekubali, ingawa miaka yote hiyo nimekuwa nikimshuku.

Alianza na mikate ya kawaida, kisha skonzi za peasi. Shamba moja la upande wa Makambako lilipoanza kutuletea bluberi, vile vitunda vidogo vya buluu, akavikunjia ndani ya unga uliokandwa kwa hamira. Skonzi zikatoka nene na laini, wageni wakaondoka na midomo ya zambarau. Wapo madereva wa Songea wanaopanga safari ili wapite kwetu asubuhi.

Tatizo lilikuwa mlango. Akishakanda unga, anafunga, na hata meneja haingii. Kwa nini? Letisia wa mapokezi aliapa kuna jani la Ipelele, kwao Mama Idda, linatiwa humo. Mimi niliwaza bluberi zangu: boksi linaingia limejaa, nani ajuaye zinazoishia mdomoni? Tukiugusa mlango tunasikia, "Fungeni jamani, baridi!" Tulicheka sana. Kisingizio gani hicho?

Mwezi wa tano alikabidhiwa Eveline, mwokaji mpya, amfundishe. Skonzi za Eveline zikatoka ngumu, zimelala kama chapati. Meneja akasema zikitoka hivyo tena, Eveline ataondoka na mikate tutanunua dukani. Tukakasirika: mama anaondoka na siri yake, binti wa watu anakosa kazi! Tukawa tunafungua mlango kila mara kuhakikisha kweli anafundishwa. Eveline, mgeni kazini, hakuthubutu kutukaripia.

Siku ya jaribio la mwisho Mama Idda aliweka kiti nje ya mlango wa jiko, akajifunika blanketi, akauegemea.

"Hamira inataka joto," alisema. "Na baridi hii ya Njombe, mnafungua kila saa, unga uumuke saa ngapi? Miaka yote nawaambia. Leo hapiti mtu."

Skonzi zikaumuka. Eveline akatoka analia, unga mpaka kwenye nyusi, na kazi akaipata.

Mama Idda, asante kwa skonzi, na asante zaidi kwa kutuvumilia. Ukapumzike Ipelele kwa afya na furaha, wajukuu wakuzunguke. Jiko lako lisikutie wasiwasi. Nimeuwekea mlango wake komeo jipya upande wa ndani, kwa mkono wangu, maana wenzangu hawa siwaamini hata kidogo.