Mama Kaboni na Somo la Matawi

Tuliyekuja kumsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, kitinda mimba wa fundi saa na mkewe mshonaji, katika vyumba viwili vya nyuma ya duka la baba yake. Kaka zake walipenda kusema alianza kuuliza maswali kabla ya kuota meno. Akipewa saa mbovu achezee, aliifungua yote, kisha akalia kwa sababu haikufungika tena.

Alisoma shule ya msingi mtaani kwao, sekondari ya bweni, kisha chuo cha ualimu, alikohitimu kemia mwaka 1974. Mwaka huohuo aliripoti kwenye sekondari ya wasichana, akafundisha hapo hadi alipostaafu mwaka 2011. Wanafunzi walimbandika jina Mama Kaboni, naye akaliitikia kama alilopewa na wazazi.

Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa alkani, zile kemikali zilizomo katika gesi ya kupikia, petroli na nta ya mishumaa. Aliwapanga wasichana bega kwa bega, mikono chini. "Mmeshikamana. Kuwatenganisha kunataka moto. Hizo ndizo molekuli zilizonyooka." Kisha akawaambia watanue mikono. "Kaboni ni zilezile, ila sasa mna matawi. Hamkaribiani vizuri, mnaachana upesi. Ndiyo maana yenye matawi huchemka kwa joto dogo zaidi."

Siku moja mwaka 1976 aliongeza kwamba hata kuyeyuka ni hivyohivyo, matawi hushusha joto lake. Msichana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono.

"Mwalimu, jedwali la kitabuni linaonyesha pentani yenye matawi mengi kuliko zote huyeyuka kwa joto la juu kuliko iliyonyooka."

"Kitabu kimekosewa kuchapwa," akamjibu. Kengele ikalia.

Jibu lile halikumpa amani. Jioni alikwenda karakana ya seremala kijana aliyetengeneza meza za maabara, ambaye alikuwa amemchongea vipira vya mbao vya kuundia molekuli. Wakaunda pentani, yaani alkani za kaboni tano, za kila aina, wakajaribu kuzipanga sandukuni. Zenye tawi moja ziliacha mianya kila upande. Zile zenye matawi pande zote zilikuwa kama mipira; zigeuze utakavyo, zinakaa mahali pake. Kitu kikiganda, akaelewa, molekuli zinazopangika vizuri ndizo ngumu kuyeyusha. Akaketi juu ya maranda, akacheka peke yake.

Alipomsimulia mwalimu mkuu, alimshauri anyamaze. "Bado hujathibitishwa kazini. Ukirudi nyuma, watakupanda kichwani."

Kesho yake alisimama mbele ya darasa. "Jana nilikosea, tena nikakisingizia kitabu. Aliyeniuliza alikuwa sahihi." Kisha mkono mmoja ukanyooka, ukafuata mwingine, hadi kipindi kilichofuata kikaliwa na maswali. Hakuna aliyempanda kichwani.

Seremala yule ndiye aliyemwoa, tarehe 20 Agosti 1977. Alipomposa alimwambia, "Mimi nimenyooka tu, sina matawi. Utanivumilia?" Naye akajibu, "Walionyooka hawachemki upesi. Nitakuvumilia."

Walijaliwa watoto watatu. Wanaikumbuka sebule yenye harufu ya vanishi, redio ikisema kwa sauti ya chini, na mama akisahihisha madaftari huku mguu wake ukibembeza kitanda cha mdogo wao.

Mwaka 2021 moyo ulianza kumsumbua. Madaktari walijitahidi, nasi tunawashukuru. Msichana wa dawati la nyuma, sasa mwalimu wa kemia katika shule ileile, alikuja kila wiki, wakabishana hadi muuguzi akawaomba wapumzike.

Aliaga dunia nyumbani asubuhi ya tarehe 6 Juni 2023, akimweleza mumewe kwa nini nta ya mshumaa hukaa imeganda mezani ilhali petroli ni majimaji. Hakufika mwisho.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, kaka mmoja, na wanafunzi wasiohesabika. Mzee wake ameomba neno lake moja tu liandikwe hapa: "Mwambieni bado nasikiliza."

Alale salama, mama yetu.