Mzee Pasikali Niyibizi na Mgagani Alioung'oa Munanila

Ndugu waombolezaji, majirani zetu wa Kibondo na ninyi mliotoka Kasulu na Buhigwe, marehemu alituonya sisi wanawe kwamba historia yake ikijaa sifa tupu atainuka aje kuisahihisha, na kwa kuwa tunamjua, tunaisoma na kosa lake ndani.

Mzee Pasikali Niyibizi alizaliwa tarehe 14 Machi 1955 huko Kitanga, Kasulu, akiwa mtoto wa nne kati ya saba, akasoma shule ya msingi hukohuko kuanzia 1964 hadi 1970, akamaliza sekondari mwaka 1974, kisha akaingia chuo cha kilimo mkoani Tabora, alikohitimu mwaka 1977 akiwa na cheti, suruali mbili za kaki na imani kwamba hakuna asilolijua kuhusu shamba.

Tarehe 1 Julai 1977 aliajiriwa kuwa bwana shamba, akapangiwa Munanila, na mwaka 1979, bila kutumwa na mtu yeyote, akaanza kuwaambia akina mama kwamba mgagani, mboga yao ya asili, ni gugu, chakula cha njaa, wapande kabichi, na ule wa Bi Sophie Ndayisenga, mkulima wa hapo, akaung'oa kwa mikono yake, majirani wakitazama, mwenye shamba amesimama na mtoto mgongoni.

Tarehe 6 Desemba 1980 alifunga ndoa na mama yetu, Aline, wakajaliwa watoto watano na wajukuu kumi na mmoja, na mwaka 1992 akahamishiwa hapa Kibondo, alikofanya kazi hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2015.

Mwaka mmoja kabla ya kustaafu aligundulika ana kisukari, daktari akamwambia ale mboga za majani kwa wingi, akazunguka mjini akakuta chipsi kila kona na mboga chache za bei ambayo mpangaji wa chumba kimoja hawezi kuimudu, jambo lililomuuma kuliko ugonjwa wenyewe. Akageuza uwanja wetu wote kuwa matuta, akakusanya maganda na samadi kwa majirani, akawafundisha wapangaji kupanda kwenye viroba barazani na kumwagilia maji ya kuoshea mboga, mbegu akiwapa bure, sharti mtu amfundishe wa chumba cha pili. Alichokosa ni mbegu ya mgagani, na alipoulizia akaelekezwa kwa Bi Sophie.

Muungwana akivuliwa nguo huchutama, baba akaenda Munanila Septemba 2016, akapiga magoti, akaomba msamaha. Bi Sophie akampa mbegu, msamaha akamnyima, akisema kwamba alimwaibisha hadharani kwa ajili ya mboga hiyo, basi atamsamehe siku watu wa mjini watakapoila hadharani, tena waigombanie.

Baba alirudi na kazi. Chungu cha kwanza cha mgagani alikipika mwenyewe, kikawa kichungu hata wageni wakakumbuka shughuli zao, ndipo mama alipomfukuza jikoni, akauchemsha, akaulaza na maziwa, akaumalizia kwa karanga, na Mwanahawa, mama lishe wetu wa karibu na stendi, akakubali kuujaribu pamoja na ugali. Baba hakuacha kuhesabu sahani, na kila mwaka alipeleka habari Munanila, akijibiwa kwamba bado.

Tarehe 11 Januari 2025 alilazwa, figo zikiwa zimechoka, na hofu yake ilikuwa moja tu, kufa bila kusamehewa. Tarehe 2 Machi Bi Sophie alikuja mwenyewe, akashukia stendi saa saba mchana, akaingia kwa Mwanahawa na njaa ya safari, akaagiza mgagani, akaambiwa umekwisha, kesho awahi. Akafika wodini bila kula, akacheka mpaka akashika kitanda, akamwambia baba kwamba amemsamehe. Baba alilia, kisha akacheka naye, muuguzi akaja kuuliza kuna nini. Alifariki tarehe 6 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri, uso umetulia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliovumilia harufu ya samadi, maafisa ugani wenzake, na Mwanahawa, ambaye leo amepika masufuria sita, akimtengea Bi Sophie sahani yake kabla ya mtu yeyote.

Baba, hudaiwi tena. Pumzika kwa amani.