Funguo za Kanisa Ziko kwa Jirani

Ndani ya bajaji ya kutoka Area D tulikuwa abiria watatu, mimi nikiwa pembeni. Mama aliyevaa sare ya kwaya alimpa dada wa katikati karatasi ya mwaliko. "Karibu kwetu Makole Jumapili, dada. Tuna ibada ya wageni. Uje uone upendo wa Kristo."

Dada aliyejitanda mtandio aliisoma karatasi yote, jambo ambalo watu wachache hulifanya. "Ndilo lile kanisa lenye makufuli mawili mlangoni?"

"Umelijuaje?"

"Naitwa Zaitun, naishi nyumba ya pili. Kwaya zenu ziligombana, kila moja ikaweka kufuli lake. Wazee wakaniletea mimi funguo zote. Kila Jumapili nawafungulia kabla hamjafika."

"Nilisikia ziko kwa jirani," mama alisema polepole. "Sikujua ni Mwislamu."

Nilitazama nje kwa adabu. Masikio niliyaacha ndani.

"Usiangalie watu, dada. Mwangalie Yesu."

"Yesu simwoni, mama. Nawaona nyinyi, mnapita kwangu makundi mawili, hamsalimiani."

"Kwani nyinyi msikitini hamgombani?"

"Tunagombana sana. Ila mimi sijakualika."

Bajaji ikasimama sokoni. Mama akanyoosha mkono aichukue karatasi yake, lakini Zaitun alikwisha kuitia kwenye mkoba.

"Jumapili lazima nije," alisema akishuka. "Nisipokuja, mtaingiaje?"