Mama Ernestine Kabemba na Kidole Kilichotangulia Kisu

Mama Ernestine Kabemba alizaliwa Sandoa tarehe 14 Agosti 1951, binti wa tatu wa katekista. Alisoma kwa masista huko huko, kisha akaja Kolwezi, ambako alipata diploma ya uuguzi mwaka 1972. Oktoba mwaka huo aliajiriwa katika chumba cha upasuaji cha hospitali moja ya wachimba migodi. Tarehe 5 Julai 1975 alifunga ndoa na Tata Polycarpe, karani, katika kanisa la Manika.

Kazini, aliyeaminiwa zaidi alikuwa Mama Mwadi, muuguzi mwenye asili ya mkoa wa Kasai. Madaktari walimwachia majipu ya koo. Kabla ya kushika kisu, Mwadi aliingiza kidole kinywani mwa mgonjwa, akagusa uvimbe kando ya kaakaa, akatulia kusikia kama panapiga. Nyuma ya findo la koo, kwa ndani, hupita mshipa mkubwa upelekao damu kichwani. Kwa watu wachache umesogea karibu mno, na hapo kisu huua.

"Uko unatafuta nini mule mu kinywa, Mama Mwadi? Nyama ya jana?" Ernestine alimtania mbele ya wauguzi.

"Natafuta fasi yenye haipigi," Mwadi alijibu bila kugeuka.

Siku moja, wakati wa chakula cha mchana, Tata Polycarpe naye alimsifu Mwadi. Marehemu Ernestine aliondoa sahani ya mumewe kabla hajamaliza kula.

Machi 1993, watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa Kolwezi, Mwadi alikuwa miongoni mwao. Mgodi ulikuwa umeporomoka, na daktari wa mwisho alikuwa ameondoka. Mwadi alileta ufunguo wa kabati la vyombo.

"Shika, Mama Ernestine. Uliutaka tangu zamani."

Ernestine aliupokea. Hakumsindikiza hadi kwenye gari moshi.

Mwezi uliofuata aliletwa Tata Asani, msafirishaji, taya zimekaza, hawezi kumeza hata mate. Jipu lilikuwa limetuna pale pale ambapo mkono wowote ungetaka kupasua. Ernestine aliinua kisu, akakirudisha, akapenyeza kidole. Palikuwa panapiga. Kwa miaka ishirini alikuwa amemtazama Mwadi kwa wivu, na wivu ule haukuacha kitu kimpite: alijua kidole kinapita wapi na kinakaa kwa muda gani. Alikisogeza kuelekea katikati mpaka mahali pasipopiga, akachoma sindano, usaha ukaja, ndipo akapasua.

"Mulomo imefunguka," Asani alisema siku ya tatu. "Sasa bibi yangu ndiye atajuta."

Sifa zilikuwa nyingi. Hadi alipostaafu mwaka 2016, aliwafundisha wanafunzi wa uuguzi kwamba njia ile ni yake.

Mwaka 2017 alianza kuugua figo. Alifariki tarehe 9 Mei 2019, akiwa na umri wa miaka 67. Wiki mbili kabla, aliagiza maneno haya yaandikwe: "Ile njia ni ya Mwadi. Hata sasa sipendi kuisema." Aliposomewa, alitaka yasomwe hapa, mbele ya wanafunzi wake.

Ameacha mume, watoto wanne na wajukuu tisa. Mama Mwadi alitangulia mwaka 2004, huko Mwene-Ditu. Binti yake, Mama Mado, yuko nasi kwa mwaliko wa marehemu, ambaye aliomba Mado awe wa kwanza kuweka udongo kaburini, kabla ya watoto wake mwenyewe.

Mama Ernestine, ulale kwa amani.