Mzee Viatu, Mhadhiri Aliyepiga Hodi Ugenini

Picha ya marehemu iliyo kwenye jalada la kijitabu hiki cha mazishi, akiwa ameketi, ilipatikana kwa kubembelezwa sana. Picha nyingine zote alizoziacha amesimama, na nyingi zimetoka na ukungu kwa sababu alianza kuondoka kabla mpiga picha hajamaliza. Wanafunzi wake walimwita Mzee Viatu, naye akalipenda jina hilo kuliko lile la kwenye vyeti.

Alizaliwa alfajiri ya tarehe 9 Agosti 1949, mtoto wa tatu kati ya watano, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya karakana ya reli. Baba yake alikuwa mkaguzi wa reli. Kila asubuhi alishika nyundo yenye mpini mrefu, akafuata njia ya garimoshi kwa miguu, akigonga chuma na kusikiliza. Siku hizo kulikuwa na watu wa kusikiliza chuma. Leo reli imeng'olewa na kuuzwa kwa uzito, na pale karakana wanaosha magari. Mama yake alikuwa akisema mtoto huyu hakutambaa, alinyanyuka tu akaenda zake. Alipokuwa na miaka minne alipotea tangu asubuhi. Akakutwa stesheni ya pili, anakunywa uji na mkuu wa stesheni kama watu waliosoma pamoja.

Alisoma shule ya msingi ya watoto wa reli kuanzia mwaka 1957 hadi 1963, kisha sekondari ya bweni hadi 1969, ambako aliadhibiwa mara nyingi kwa kosa lilelile la kukutwa nje ya uzio bila sababu ya maana. Kila likizo alirudi na mzigo wa vitabu, na kaka yake mkubwa, ambaye shule ilimwishia darasa la nne, alivisoma vyote nyuma yake. Walibishana mpaka chakula kikapoa na mama yao akazima taa. Enzi hizo watu walibishana juu ya kitabu baada ya kukisoma. Mwaka 1970 aliingia chuo kikuu na mwaka 1973 akahitimu shahada ya mipango miji.

Alianza kazi halmashauri ya mji, akichora barabara ambazo hazikujengwa, na mwaka 1979 akawa mhadhiri. Alikuwa na utaratibu wake ambao wakuu wa idara walijaribu kuuvunja wakachoka wao: hakufundisha juu ya mtaa ambao hajautembea. Kipindi cha kwanza cha kila mwaka aliwakuta wanafunzi mlangoni, akawarudisha bwenini wakavae viatu vya maana. Miaka ya mwisho mwanafunzi mmoja alilalamika, "Mwalimu, si tuangalie tu picha za setilaiti?"

"Picha inakuonyesha mapaa," akamjibu. "Wewe umewahi kuishi juu ya paa?"

Tarehe 17 Desemba 1977 alifunga ndoa na mkunga wa hospitali ya mji. Walikutana siku alipokatiza wodi ya wazazi akitafuta njia ya mkato kwenda sokoni. "Kaka, hapa wanapita watoto tu," mkunga akamwambia. Kesho yake akapita palepale, na keshokutwa, hata wagonjwa wakaanza kumngojea. Walijaliwa watoto watatu, na kila mmoja alipozaliwa baba yao alipiga doria ukumbini mpaka msafishaji akamwomba amhurumie, sakafu ilikuwa bado mbichi.

Mkunga hakuwa mtu wa kudai mengi. Katika ndoa yote aliomba jambo moja: mume wake akae nyumbani. Alipata mume wa kuondoka. Jumapili alikuwa mitaa ya mbali akihesabu mifereji, likizo alikuwa miji ya watu. Watoto walijua nyayo zake kuliko sauti yake.

Kwa hiyo Septemba 2008, alipoalikwa kufundisha kwa mwaka mmoja katika chuo kikuu cha nchi ya mbali, mkewe alimfungia sanduku bila neno. Neno alilitoa mlangoni. "Mwaka mmoja, baba watoto. Ukiisha hujarudi, viatu vyako nagawa."

Chuo kilikuwa kisafi kupita kiasi. Milango ya vioo ilijifungua yenyewe, vijia vilichorwa mishale, na wahadhiri wenzake walipishana kwenye ngazi masikio yamezibwa kwa waya za kusikilizia muziki. Wiki nzima hakuna aliyemuuliza ametoka wapi. Jumamosi ya kwanza akatoka. Akapita maktaba, akapita uwanja wa mpira, akapenya pengo la ua wa michongoma, akatokea kwenye mtaa wa nyumba za matofali zilizobanana, wenye dobi, fundi baiskeli na kiwanda kilichofungwa. Hapo akafanya alichowaona wazazi wake wakifanya kila walipohamishiwa stesheni mpya. Akapiga hodi nyumba kwa nyumba kusema amehamia.

Nyumba ya kwanza walimfungia mlango. Ya pili walimchungulia dirishani. Ya tatu wakapiga simu, na gari la mlinzi wa chuo likaja.

"Mzee, unauza nini?"

"Siuzi."

"Unahubiri?"

"Nimehamia. Nimekuja kusema nimehamia."

Mlinzi akakuna kichwa. "Ofisi ya makazi inajua umehamia."

"Usiku nikibanwa na kifua, ofisi ya makazi itanisikia nikikohoa?"

Mlinzi alimrudisha na gari, kazi ni kazi. Lakini Jumamosi iliyofuata, siku yake ya mapumziko, alimfuata chumbani akiwa amevaa kofia ya nyumbani. "Haya, twende," akasema. "Wewe salimia, mimi nitawaambia si mwizi."

Kufikia majira ya baridi, marehemu alijulikana mtaa mzima. Fundi baiskeli alimwekea kiti ambacho hakukikalia. Bibi mmoja mjane alimngojea amfungulie chupa za achari. Aliwatoa wanafunzi wa pale wakauone mtaa huo, na wengi wao, baada ya kusoma miaka mitatu upande wa pili wa ua, ndiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kuupita.

Juni 2009 chuo kilimwomba abaki miaka mitatu zaidi. Akampigia simu mkewe.

"Mama watoto, wameniomba nibaki."

Mkunga akauliza, "Na wewe umewaomba nini?"

Wiki hiyo alizunguka chuo mpaka soli ikatoboka. Alikuwa na miaka sitini kasoro kidogo, na kwa mara ya kwanza kulikuwa na mahali alipopita watu wakatoka nje kumsalimu. Nyumbani kulikuwa na mwanamke aliyekuwa amengoja miaka thelathini. Akirudi huku kwetu, anauacha mtaa. Akibaki, anajua mkewe hatamwambia tena akae nyumbani.

Julai mkunga akachukua likizo, akapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, akamfuata. Marehemu alimtembeza siku nzima, akamjulisha kwa kila mlango. Jioni wakarudi chumbani, mkunga akavua viatu, akawa anajikanda nyayo.

"Umeonaje?" marehemu akauliza, bado amesimama.

"Nimeona. Unajua hata mbwa wa yule mzee anaumwa jicho gani." Akaendelea kujikanda. "Jirani yetu wa ukuta mmoja tulimzika mwezi wa pili. Unamkumbuka?"

"Yupi huyo?"

"Ndiyo hapo sasa," akasema mkunga.

Tarehe 3 Agosti 2009 walirudi wote wawili, na marehemu hakusafiri tena nje ya nchi.

Kukaa, hata hivyo, hakukumjia kirahisi. Alianza kupiga hodi hapa kwetu, na hapa kwetu ndiko alikopata taabu. Kuta zimepanda, juu vimesimikwa vipande vya chupa, na getini kuna kisanduku kinachosema.

"Nani?"

"Jirani."

"Jirani gani?"

"Wa nyumba ya nne."

"Acha ujumbe kwa mlinzi, mzee."

Hao ni wajukuu wa watu walioazimana makaa ya moto na kulishana watoto bila kuulizana. Ule mtaa wa ugenini ulikuwa na udhuru, haukumjua. Marehemu hakukasirika kama wengine tulivyokasirika. Kila Jumapili alikwenda tena, safari hii na mkewe, na mageti machache yakafunguka. La kwake aliliacha wazi mchana kutwa. Mkunga alipomwambia wezi wataingia, akasema, "Waache waingie, angalau tutapata mgeni."

Mwaka 2019 kisukari kilianza kumtia ganzi miguuni, na tarehe 22 Juni 2021 alikatwa mguu wa kulia chini ya goti. Tusidanganyane, hakuupokea vizuri. Aligombana na kitanda, akagombana na daktari, akakizungusha kiti cha magurudumu uani mpaka ardhi ikachimbika. Dereva mstaafu wa nyumba ya mkabala alikuja kucheza naye drafti, na jirani mwingine, mke wa makanika, alileta supu. Mlinzi wa kule ugenini alipiga simu kila Jumamosi. Wengine mlituma picha ya ua kwenye simu. Ua la kwenye simu halina harufu, na mgonjwa alilijua hilo.

Jumanne, tarehe 12 Machi 2024, asubuhi, aliomba apelekwe getini. Mkunga akamsukuma, akamfunika shuka magotini, akauliza, "Haya, leo unataka kwenda wapi?"

"Leo waje wao," akasema. "Leta kigoda na wewe ukae."

Akaleta. Wakakaa. Dereva akapita akawapungia mkono. Baada ya muda marehemu akamwegemea mkewe begani. Mkunga amesikiliza pumzi za watu maisha yake yote, akajua. Hakumwita mtu mara moja. Alikaa naye kidogo, kwa sababu hatimaye mume wake alikuwa amekaa.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja, wakwe, wajukuu saba, kaka yake mkubwa, dada yake mdogo, wanafunzi wasiohesabika, na mlinzi aliyesafiri siku mbili kuwa nasi hapa leo.

Mwenyezi Mungu amlaze. Na kama kulala kutamshinda, basi atembee kwa amani.